Gaylon Campbell na Vipimo vya Maji: Historia ya Kampuni ya Decagon na Maana Yake kwa Milima ya Upare

Historia ya kampuni ya Decagon Devices, iliyoanzishwa mwaka 1983 katika mji wa Pullman, Jimbo la Washington, Marekani, na ambayo tangu mwaka 2016 imejulikana kwa jina la METER Group, ni historia ya juhudi ya kutia katika tarakimu jambo ambalo kila mkulima hulijua kwa kushika udongo mkononi, yaani maji yaliyomo ardhini ni kiasi gani, udongo unayashikilia kwa nguvu gani, na hewa iliyo juu yake itayachukua kwa kasi gani. Mwanzilishi wake, Gaylon S. Campbell, alikuwa profesa wa fizikia ya udongo, na vihisio vilivyotengenezwa na kampuni yake vimefika mbali sana na mashamba ya ngano yanayouzunguka mji wa Pullman. Kihisio ni kifaa kidogo kinachogeuza joto, unyevu, mwanga au mgandamizo wa hewa kuwa alama ya umeme inayoweza kusomwa na kuhifadhiwa. Na kwa kuwa baadhi ya vihisio hivyo sasa vinapima mvua ya Afrika, wakazi wa nchi yenye milima kama Upare wana haki ya kujua vilitoka wapi na viliundwa kwa fikra gani.

Upare ni mahali panapofaa kuipimia historia hiyo, kwa sababu ni nchi ambamo maji yametawala siasa, dini na kilimo kwa karne nyingi. Milima yake, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, huinuka ghafla kutoka tambarare kavu: Kindoroko, ulio juu ya Usangi, hufikia mita 2,113, na Shengena, ulio katika msitu wa Chome upande wa kusini, hufikia mita 2,463. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hupandishwa na miteremko hiyo, hewa hupoa kadiri inavyopanda, na mvuke wake hugeuka kuwa mawingu na mvua. Zikisha kuvuka upande wa pili na kuteremka kuelekea Same, Mwanga na Makanya, pepo hizo huwa zimepoteza unyevu wake mwingi, hali ambayo wataalamu huiita kivuli cha mvua. Kwa hiyo sehemu za juu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, huku tambarare ya magharibi ikipata takriban nusu ya kiasi hicho, nayo imegawanyika kati ya vuli na masika, misimu miwili ambayo hakuna hata mmoja unaotosha kwa uhakika kuivisha mahindi.

Wapare hawakuikabili hali hiyo kwa kungoja. Walichimba mifereji kutoka vyanzo vya milimani na kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo ambayo hujazwa maji ya mfereji usiku na kufunguliwa mchana, ili mkondo ulio mdogo mno kufika shambani ukusanyike na kutoka kwa nguvu ya kutosha. Ndiva ilihitaji zamu, na zamu ilihitaji watu waliokubaliana kuhusu kiasi na wakati. Kwa maneno mengine, ilihitaji upimaji, hata kama kipimo chake hakikuwa na tarakimu. Utabiri na uombaji wa mvua nao ulikuwa elimu ya koo maalumu, na katika Upare ya Kusini ukoo wa Wambaga ulisifika kwa elimu hiyo hata nje ya mipaka ya nchi yao. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969, alionyesha jinsi mamlaka ya kutawala na mamlaka juu ya mvua vilivyokuwa vimefungamana.

Upimaji wa mvua kwa chombo chenye alama za kiasi uliingia Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani, ambao walianzisha kituo kikuu cha hali ya hewa Dar es Salaam na kutegemea misheni na mashamba makubwa kama wasomaji wa kujitolea. Mwanajiografia Carl Uhlig alikisimamia kituo hicho mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, makoloni ya Waingereza yaliunganisha kazi hiyo, na mwaka 1929 Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ya Waingereza ilianzishwa Nairobi chini ya Albert Walter, mtaalamu wa takwimu aliyekuwa ameongoza kituo cha uchunguzi wa anga cha Royal Alfred nchini Mauritius. Walter anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa, kwa sababu aliona kwamba mvua ya nchi za tropiki haiwezi kueleweka kwa vituo vichache vilivyo mijini, na mtandao uliokua chini yake ulisimama juu ya watu wa kawaida: walimu, mapadre, wachungaji, makarani wa mashamba ya mkonge na mabwana misitu, ambao kila siku saa 3 asubuhi walimimina maji ya kipimamvua katika chupa yenye alama na kuandika namba moja katika daftari.

Sambamba na idara hiyo, kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Muguga, karibu na Nairobi, kiliendesha kuanzia miaka ya 1950 majaribio ya mabonde ya mito ambayo hadi leo yanatajwa katika vitabu vya haidrolojia, yaani elimu ya mwenendo wa maji katika nchi. Charles Pereira na wenzake walipima mvua, mtiririko na unyevu wa udongo huko Kericho na Kimakia nchini Kenya, Atumatak nchini Uganda, na Mbeya nchini Tanganyika, wakitaka kujua nini hutokea kwa mito pale msitu unapogeuzwa kuwa shamba la chai, la misonobari au la mahindi. Mwanafizikia J. S. G. McCulloch, aliyefanya kazi Muguga, alitoa mwaka 1965 majedwali ya kukokotoa haraka kiasi cha maji yanayopotea hewani, ili mtu asiye na mashine ya hesabu aweze kutumia kanuni ngumu ya Mwingereza Howard Penman. Afrika Mashariki, basi, ilikuwa na mila yake ya upimaji makini, nayo iliheshimika duniani kabla ya kampuni inayozungumziwa hapa kuwapo.

Mila hiyo ilipata pigo. Idara ya pamoja ya hali ya hewa ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kila nchi ikalazimika kujenga upya mafundi, karakana na kumbukumbu zake. Tanzania iliunda idara yake, ambayo mwaka 1999 ikawa Wakala wa Hali ya Hewa, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Katika miongo hiyo idadi ya vipimamvua vilivyosomwa kwa ukamilifu ilipungua katika sehemu kubwa ya Afrika. Mashamba ya mkonge yalidhoofika, wasomaji wa kujitolea walizeeka bila kupata warithi, na chombo kilichovunjika hakikubadilishwa. Pengo hilo, yaani kuwapo kwa maswali mengi kuhusu maji pamoja na vipimo vichache vya kuyajibu, ndilo ambalo baadaye lingefungua mlango kwa vihisio vya Pullman.

Gaylon Campbell alisomea fizikia na kisha fizikia ya udongo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1968, na kuanzia mwaka 1971 akafundisha katika chuo hicho cha pili hadi alipokiacha mwaka 1998 ili kuitumikia kampuni yake kwa muda wote. Miongoni mwa wanafizikia wa udongo jina lake lilijulikana kwanza kwa makala ya mwaka 1974, iliyotoa njia rahisi ya kukadiria kasi ya maji kupita katika udongo usiojaa maji kwa kutumia vipimo vichache vinavyopatikana kwa urahisi, na kisha kwa kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu fizikia ya mazingira ya viumbe, ambacho toleo lake la pili, aliloliandika pamoja na John Norman, lilitoka mwaka 1998. Kitabu hicho kinafundisha jinsi jani, mnyama au udongo unavyopokea joto la jua, unavyolipoteza kwa upepo na kwa mvuke, na unavyofikia mizani kati ya mapato na matumizi hayo. Si kitabu cha vifaa. Lakini, kama itakavyoonekana, milinganyo yake imo ndani ya vifaa.

Tatizo lililomshughulisha Campbell kama mpimaji lilikuwa lile la nguvu ambayo udongo hushikilia maji, ambayo wataalamu huiita poteshali ya maji. Kujua kwamba udongo una asilimia 20 ya maji hakutoshi, kwa sababu asilimia hiyo ni neema katika mchanga na ni ukame katika mfinyanzi mzito. Mpishi akamuaye nazi anaelewa jambo hili kwa mkono: tui la kwanza hutoka kwa kubinya kidogo, la pili hudai nguvu zaidi, na hatimaye chicha hubaki na unyevu ambao hakuna kiganja kinachoweza kuutoa. Mizizi ya mmea hufanya kazi ya kiganja hicho, nayo kwa kawaida hushindwa pale maji yanaposhikiliwa kwa nguvu ipatayo kilopaskali 1,500, kiwango kinachoitwa kikomo cha kunyauka.

Njia mojawapo ya kupima nguvu hiyo ni kupima unyevu wa hewa iliyofungiwa pamoja na udongo, kwa maana kadiri udongo unavyoshikilia maji kwa nguvu ndivyo unavyoachia mvuke mchache zaidi. Ugumu wake ni wa kutisha. Hewa iliyo juu ya udongo uliofikia kikomo cha kunyauka bado ina unyevu wa takriban asilimia 98.9, hivyo maisha yote ya mmea, kutoka shibe hadi kifo, yamo ndani ya tofauti ya asilimia moja na kidogo. Chombo kinachotumika, saikromita ya themokapo, ni muungano wa nyaya mbili nyembamba za metali tofauti ambazo huzalisha umeme mdogo sana kulingana na joto. Ncha yake huloweshwa, maji yanapoyeyuka ncha hupoa, na kiasi cha kupoa huonyesha ukavu wa hewa. Ili kipimo kiwe na maana, fundi hana budi kutambua tofauti za joto zinazokaribia sehemu moja ya elfu ya nyuzi ya sentigredi, na kuhakikisha kwamba chumba cha kupimia hakina hata chembe ya joto linalotofautiana kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Vyombo vya namna hiyo vilikuwa havipatikani kwa urahisi sokoni, na watafiti wengi walijitengenezea wenyewe.

Decagon ilianza kwa kuvitengeneza. Mwaka 1983 kampuni ilikuwa shughuli ya familia ya Campbell, watoto wake wakishiriki kuunganisha sehemu ndogo za saikromita, na wateja wake walikuwa watafiti wa udongo na mimea waliomjua profesa kwa makala zake. Ndugu zake Eric na Evan walikuwa wamekwisha kutangulia katika njia kama hiyo, kwani mwaka 1974 walianzisha kampuni ya Campbell Scientific katika mji wa Logan, Utah, ambayo vinasa data vyake, yaani mashine ndogo zinazosoma vihisio na kuhifadhi namba zake bila kuhitaji mtu, vilienea katika vituo vya utafiti duniani kote. Kampuni hizi mbili ni tofauti, na wasomaji wengi huzichanganya. Lakini ni sahihi kusema kwamba familia moja iliathiri kwa kiasi kikubwa namna karne ya 20 ilivyojifunza kupima hewa na udongo nje ya maabara.

Biashara iliyoikuza Decagon haikutoka shambani moja kwa moja. Elimu ile ile ya kupima unyevu wa hewa iliyofungiwa ilihamishiwa kwenye chakula, kupitia vyombo vya AquaLab vinavyopoza kioo kidogo hadi umande utokee juu yake na kusoma joto la wakati huo. Namba inayopatikana huitwa shughuli ya maji, nayo hueleza ni sehemu gani ya maji ya chakula iliyo huru kutumiwa na vijidudu: kuvu wengi hushindwa kukua inaposhuka chini ya 0.70, na chini ya 0.60 hakuna kijidudu kinachoongezeka. Kwa nchi inayokula mahindi, namba hiyo ni ya uhai na kifo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu katika nafaka na karanga zisizokaushwa vya kutosha, na watu walifariki. Kilichohitajika kujulikana kuhusu mahindi yale kabla hayajaliwa ni kile hasa ambacho vyombo vya aina hii hupima.

Upande wa udongo, kampuni iligeukia njia nyepesi zaidi kuliko saikromita. Maji yana tabia ya kuhifadhi nguvu ya umeme kuliko karibu kila kitu kingine kilichomo ardhini, kwani kipimo cha tabia hiyo hukaribia 80 kwa maji, 4 kwa madini ya udongo na 1 kwa hewa. Hivyo vibapa viwili vikichomekwa ardhini na kupitishiwa umeme unaogeuka mwelekeo mara mamilioni kwa sekunde, mabadiliko ya hifadhi hiyo yatafuata mabadiliko ya maji. Vihisio vya kwanza vya namna hii vilipotoshwa kwa urahisi na chumvi na joto, na suluhisho lilikuwa kupandisha mzunguko wa umeme hadi megahezi 70, ambako athari ya chumvi hupungua. Faida yake kubwa ilikuwa bei. Mtafiti aliyekuwa na uwezo wa kununua chombo kimoja sasa aliweza kuzika vihisio kadhaa kwa vina tofauti na kufuatilia maji yanavyoshuka baada ya mvua, jambo lenye thamani kuliko namba moja iliyo sahihi kupita kiasi.

Sifa ya kampuni ilifika kilele chake cha kwanza mbali na dunia yenyewe. Tarehe 25 Mei 2008 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya sayari ya Mirihi, na kwenye mkono wake wa roboti kulikuwa na kihisio kilichotengenezwa na Decagon, chenye sindano nne zilizochomekwa katika udongo wa huko ili kupima jinsi unavyopitisha joto na umeme, na ambacho kilipoinuliwa juu kilipima pia unyevu wa hewa. Wahandisi walichukua mbinu zilizokuwa zikitumika kila siku katika mashamba ya Washington wakaziandaa kwa baridi kali na kwa umbali ambao hakuna fundi anayeweza kuufikia kwenda kurekebisha waya uliokatika. Kuanzia hapo Decagon ikajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kusikia neno poteshali.

Mwaka 2016 kampuni iliungana na UMS ya München, Ujerumani, iliyosifika kwa tensiomita, yaani mirija yenye ncha ya kauri inayopima moja kwa moja mvutano wa maji katika udongo wenye unyevu wa kutosha. Muungano huo, uliozaa jina la METER Group, ulikuwa na mantiki ya kisayansi, kwani Wajerumani walikuwa mahiri katika upande wa udongo mbichi na Wamarekani katika upande wa udongo mkavu, na kwa pamoja waliweza kupima mteremko mzima kutoka shibe hadi kunyauka.

Njia iliyoileta kazi hii Afrika ilifunguliwa na wanahaidrolojia wawili, Nick van de Giesen wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, ambaye alikuwa amefanya utafiti Afrika Magharibi, na John Selker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani. Wote wawili walikereka kwamba bara linalotegemea mvua kuliko mengine ndilo lenye vipimo vichache kuliko mengine, na wakabuni mradi wa TAHMO, ambao ulilenga kuweka vituo 20,000 kusini mwa Sahara, kila kimoja kikiwa umbali wa takriban kilomita 30 kutoka kwa jirani yake. Shirika lililotokana na wazo hilo lina makao yake Nairobi, hufanya kazi kwa makubaliano na taasisi za hali ya hewa za nchi husika, na limekwisha kuweka mamia ya vituo, vingi vikiwa ndani ya viwanja vya shule. Kampuni ya Pullman ilishirikiana nalo kubuni kituo kinachofaa, na Colin Campbell, mwana wa mwanzilishi, ambaye naye ni mwanafizikia wa udongo, alikuwa miongoni mwa waliosukuma mbele ushirikiano huo.

Kituo chenyewe, kiitwacho ATMOS 41, kinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna majibu ya maswali yaliyoulizwa na uzoefu wa Afrika. Kipimamvua cha kawaida cha mashine kina vibakuli viwili vinavyopinduka kwa zamu kila kimoja kinapojaa. Kikiingia mchanga, buibui au kutu, hukwama. ATMOS 41 haina sehemu yoyote inayotembea. Mvua huingia katika faneli, hupita kwenye mdomo mwembamba unaoigeuza kuwa matone ya ukubwa unaojulikana, na kila tone linapogusa vidokezo viwili vya dhahabu huhesabiwa, hivyo kipimo chake huenda kwa hatua ya milimita 0.017. Upepo hupimwa kwa muda ambao mawimbi ya sauti huchukua kuvuka nafasi ndogo chini ya faneli, bila vikombe vinavyozunguka. Katika mwili huo mmoja kuna pia vipimo vya mwanga wa jua, mvuke, mgandamizo wa hewa na radi, pamoja na kipimo cha kuinama kinachoonyesha kama nguzo imelala. Kinasa data kinachoambatana nacho huchajiwa na jua, huhifadhi kipimo kila dakika 5, na hutuma namba kwa mtandao wa simu za mkononi.

Sehemu yenye mvuto zaidi ni kipimo cha joto la hewa. Kwa desturi kihisio cha joto hufichwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, ili jua lisikipashe kikasoma joto lake chenyewe badala ya joto la hewa. Na kisanduku hicho kikichafuka au upepo ukitulia, kipimo hukosea. Wabunifu wa ATMOS 41 walikiacha kihisio wazi, kikiwa chembamba kama sindano, kisha wakakokotoa kosa linaloletwa na jua na kuliondoa, kwa kuwa kituo hicho hicho kinajua jua lina nguvu kiasi gani na upepo una kasi gani wakati huo. Hesabu inayotumika ni ile mizani ya mapato na matumizi ya joto ambayo Gaylon Campbell aliifundisha darasani na kuichapisha katika kitabu chake. Ni nadra katika historia ya kampuni kuona fikra ya mwanzilishi ikifanya kazi ndani ya bidhaa kwa uwazi kiasi hiki, na kama kuna jambo moja ambalo historia ya Decagon ingepaswa kukumbukwa nalo, ni hili kuliko safari ya Mirihi.

Hata hivyo Upare ina jambo la kuwafundisha wabunifu hao. Katika miaka ya 2000 bonde la Makanya, linaloteremka kutoka Chome na Vudee hadi tambarare ya wilaya ya Same, lilikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa utafiti ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, taasisi ya UNESCO-IHE ya Delft na taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji. Kabla yake Nuhu Hatibu, Henry Mahoo na wenzao wa Sokoine walikuwa wamechunguza uvunaji wa maji ya mvua katika nyanda za magharibi za Upare, pamoja na Kisangara, wakionyesha kwamba maji yanayotiririka kutoka milimani yakielekezwa shambani kwa utaratibu huweza kuokoa msimu ambao mvua ya tambarare peke yake ingeupoteza. Katika mradi wa Makanya, Hodson Makurira wa Zimbabwe alifuatilia maji katika mashamba ya Bangalala, yanayotumia ndiva ya Manoo, na Marloes Mul wa Uholanzi alichunguza mwenendo wa maji katika bonde ambalo halikuwa na kumbukumbu za vipimo.

Tarehe 1 Machi 2006 mvua kubwa iliwakuta watafiti hao wakiwa tayari wameweka vyombo. Katika eneo la kilomita za mraba 25 tu, lenye vijibonde viwili vya Vudee na Ndolwa, kituo kimoja kilirekodi zaidi ya milimita 100 ndani ya saa 3, lakini mvua hiyo haikugawanyika sawa, na vijibonde hivyo viwili vilivyo ubavu kwa ubavu viliitikia kwa mafuriko yasiyofanana. Mtu aliyekuwa na kipimamvua kimoja tu angeeleza dhoruba ambayo nusu ya bonde haikuiona.

Hesabu inayofuata ni rahisi na ni ngumu kuikwepa. Mtandao wenye kituo kimoja kila kilomita 30 hukipa kila kituo eneo la kilomita za mraba 900, ambalo ni mara 36 ya eneo lile ambamo Vudee na Ndolwa zilitofautiana. Kwa nyika pana mpango huo ni hatua kubwa mbele. Kwa milima hautoshi, na usahihi wa milimita 0.017 haufidii umbali kati ya chombo na chombo. Usangi haiwezi kusomwa kutoka kituo cha Same, ambacho kiko upande wa kivuli cha mvua na chini sana, kama ambavyo Chome haiwezi kusomwa kutoka Makanya. Kinachohitajika Upare ni safu za vituo zinazopanda mteremko, kimoja tambarare, kimoja katikati, kimoja karibu na msitu, pamoja na vihisio vya udongo katika mashamba yanayotumia ndiva, ili wagawaji wa zamu wajue shamba lipi limekaribia kikomo cha kunyauka na lipi bado lina shibe. Hilo haliondoi busara ya wazee wanaoisimamia mifereji; linawapa ushahidi pale wanapogombana walio juu na walio chini, ugomvi ambao umeongezeka kadiri watu na mashamba ya mboga yanavyoongezeka milimani.

Kuna pia swali la mlinzi. Chombo kisicho na sehemu inayotembea bado kina faneli, na faneli huzibwa na majani, kinyesi cha ndege na viota vya nyigu. Ikizibwa, kituo kitaripoti kwa uaminifu kamili kwamba mvua haikunyesha. TAHMO hukabiliana na hali hiyo kwa kulinganisha vituo jirani ili kugundua kinachonyamaza bila sababu, lakini anayepanda ngazi na kitambaa ni mtu wa mahali hapo. Uamuzi wa kuweka vituo shuleni, ambapo kuna uzio, mwalimu wa jiografia na wanafunzi wanaoweza kulinganisha tarakimu za chombo na wanachokiona dirishani, unarudia utaratibu wa enzi ya Albert Walter, utaratibu uliofanya kazi kwa miongo mingi pale uliposimamiwa. Milima ya Upare, ambayo ilianza elimu ya shule mapema na imejaza vijiji vyake shule za msingi na sekondari, ina mahali pengi pa kuweka vituo kama hivyo. Kinachobaki ni kwamba faneli isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, unyoofu wa nguzo ukaguliwe, huduma ya mtandao wa simu ilipiwe, na namba zifike kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa utaratibu wa sheria. Na gharama hizo zinapaswa kuingizwa katika bajeti ya shule na ya halmashauri mwaka ule ule kituo kinaponunuliwa.